Wakili Kijana, Lijue Jalada Lako

Ndugu wakili mpya, hongera. Umemaliza shahada ya sheria, umepita kwenye mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, Jaji Mkuu amekukubali na jina lako limeingia kwenye Daftari la Mawakili. Wazazi wamepiga picha nawe ukiwa ndani ya joho jipya. Sasa kampuni ya uwakili imekupa meza, na juu yake yapo majalada ya watu usiowafahamu: mjane anayegombea kiwanja, mfanyabiashara aliyedhulumiwa mzigo, dereva aliyeachishwa kazi. Makala haya nimekuandikia wewe uliyepangwa kwenye mashauri, ambaye kuanzia Jumatatu utakuwa mtu wa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Mahakama Kuu, au Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya fulani mkoani.

Wengi huanza kazi hii wakiamini kwamba wakili hodari ni yule anayejua kusema. Ufasaha una nafasi yake, na utakuja kwa mazoezi. Lakini katika miaka mitano ya mwanzo, jaji, bosi wako na mteja wako watakupima kwa jambo moja: je, kazi yako inaaminika? Tarehe uliyoiandika ni ya kweli? Kesi uliyoinukuu inasema ulichosema inasema? Hati uliyoahidi kuiwasilisha Ijumaa ilifika Ijumaa? Wakili anayeaminika kwa hayo atapewa mashauri makubwa mapema, hata kama sauti yake bado inatetemeka. Asiyeaminika hataokolewa na ufasaha wake. Ushauri wote unaofuata unatoka kwenye msingi huo.

Soma jalada lote, tena mwenyewe

Ukikabidhiwa jalada, usianze kwa kumuuliza wakili aliyekutangulia lina nini. Lisome kuanzia barua ya kwanza ya mteja hadi amri ya mwisho ya mahakama, kisha andika orodha ya matukio yenye safu nne: tarehe, tukio, ushahidi wa tukio hilo, na mahali ulipo ndani ya jalada. Kazi hii inachosha, na ndiyo maana wengi huikwepa. Hata hivyo, mashauri mengi hupata jibu lake humo.

Chukua mfano wa mteja aliyeweka nyumba yake rehani benki, na sasa dalali ametangaza mnada. Mteja atakueleza kwa uchungu jinsi alivyodhalilishwa mbele ya majirani. Sikiliza kwa heshima, kisha rudi kwenye tarehe. Mkataba wa rehani ulisainiwa lini? Je, ni nyumba ya familia, na kama ndiyo, iko wapi ridhaa ya mwenzi? Notisi ya kukiuka mkataba ilimfikia siku gani, na siku 60 zinazotakiwa na Sheria ya Ardhi zilitimia kabla ya benki kuchukua hatua ya kuuza? Tangazo la mnada lilitolewa siku ngapi kabla? Majibu ya maswali hayo ndiyo shauri lenyewe. Aliyeandika orodha ya matukio atayapata asubuhi moja. Asiyeandika atayasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili wa benki, mbele ya jaji.

Orodha hiyo pia itakuonyesha udhaifu wa upande wako. Utafute kabla mpinzani hajautafuta, umweleze bosi wako, na mzungumzie namna ya kuukabili.

Hesabu siku kama mali ya mteja

Hakuna eneo linalowaangusha mawakili wachanga kama muda. Mteja anaweza kuwa na haki iliyo wazi na akaipoteza kwa sababu wakili wake alichelewa kwa siku chache. Kariri vipindi vya msingi hadi uvitaje bila kufungua kitabu. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana miaka 6, madai ya madhara yana miaka 3, na kudai ardhi ni miaka 12. Mdaiwa aliyepewa wito wa kujibu madai ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Mfanyakazi anayelalamikia kuachishwa kazi anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani ni siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa, na rufaa yenyewe ni siku 60 tangu taarifa hiyo iliposajiliwa. Ukihitaji muda wa kusubiri nakala za mwenendo usihesabiwe, barua ya kuziomba iandikwe ndani ya siku 30 za uamuzi, na nakala ya barua hiyo imfikie mjibu rufaa. Barua hiyo ni fupi mno, lakini rufaa nyingi zimekufa kwa sababu haikupelekwa kwa upande wa pili.

Ukitaka kuishitaki Serikali, notisi ya siku 90 itangulie. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, sharti hilo linagusa pia halmashauri na wakala wa Serikali. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Mteja anayegombana na halmashauri kuhusu kiwanja anapokuja ofisini, suala la notisi liwe la kwanza kumweleza, maana atataka shauri lifunguliwe kesho.

Ukichelewa, unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini usiifanye njia hiyo tegemeo. Katika shauri la Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010, Mahakama ya Rufani iliweka vigezo vinavyonukuliwa hadi leo: mwombaji aeleze sababu ya kila siku aliyochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, na aonyeshe bidii, si uzembe. Kabla ya hapo, katika shauri la Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo, Mahakama hiyo ilikuwa imesema kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo. Na tangu shauri la Calico Textile la mwaka 1983 inajulikana kwamba wakili kutoichunguza sheria vizuri si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda. Maana yake ni kwamba kosa lako analipa mteja.

Kwa hiyo uwe na kalenda mbili, moja ya ofisi na moja yako. Andika siku ya mwisho, kisha andika siku yako ya ndani, angalau juma moja kabla yake. Usisubiri usiku wa mwisho kwa kuwa mfumo wa mahakama mtandao unapokea nyaraka hata jioni. Intaneti hukatika, faili hukataa kupanda, namba ya malipo huchelewa kutoka. Kumbuka pia kanuni ya zamani ya shauri la John Chuwa dhidi ya Anthony Ciza, kwamba hati huhesabiwa kuwa imewasilishwa siku ada yake ilipolipwa. Hakikisha ada imelipwa siku hiyohiyo na stakabadhi iwekwe jaladani.

Andika kwa ajili ya jaji mwenye majalada mengi

Hati ya madai ieleze nani alifanya nini, lini, na mteja anaomba nini. Kila aya iwe na jambo moja. Ukijikuta unaandika maneno ya hasira, yafute, kwa sababu mahakama haitoi nafuu kwa hasira.

Hati ya kiapo inahitaji uangalifu wa pekee. Tangu shauri la Matovu la mwaka 1966 kutoka Uganda, mahakama za Afrika Mashariki zimeshikilia kwamba kiapo hubeba mambo ambayo mwapaji anayajua mwenyewe, au anayoyaamini na kutaja chanzo chake. Hoja za kisheria, maombi na mahitimisho hayana nafasi humo. Kagua uthibitisho, kagua sehemu ya kamishna wa viapo, na uone kama mahali na tarehe vimeandikwa. Mwapaji asaini mbele ya kamishna. Usikubali kamwe kiapo kisainiwe nyumbani kisha kiletwe kugongwa muhuri, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani.

Utavutiwa sana na mapingamizi ya awali, kwa kuwa yanaonekana kama njia ya mkato. Kabla ya kuandika pingamizi, soma shauri la Mukisa Biscuit la mwaka 1969. Pingamizi la awali ni hoja halisi ya sheria, inayosimama juu ya yale yaliyokwisha kuelezwa na pande mbili. Ikihitaji ushahidi kuithibitisha, si pingamizi la awali. Pingamizi la kweli huokoa muda wa kila mtu. Lile la kubahatisha humchosha jaji, humwongezea mteja gharama, na linampa mpinzani nafasi ya kurekebisha kosa lake mapema.

Vilevile usibweteke kwa sababu ya marekebisho ya mwaka 2018, yaliyozitaka mahakama kutazama haki ya msingi kuliko ufundi wa kisheria. Ni kweli yameokoa mashauri mengi, likiwemo lile la Yakobo Magoiga Gichere, ambapo Mahakama ya Rufani iliutumia msimamo huo waziwazi. Lakini katika shauri la Mondorosi Village Council, Mahakama hiyohiyo ilisema kanuni hiyo haiwezi kutumiwa kwa upofu kuvunja masharti ya lazima ya utaratibu. Andaa hati yako kana kwamba hakuna wa kukuhurumia.

Utafiti siku hizi umerahisishwa na tovuti ya TanzLII, ambako hukumu zinapatikana bila malipo. Urahisi huo umeleta ugonjwa wa kunakili aya moja ya hukumu bila kuisoma yote. Soma hukumu nzima: ukweli wake, hoja iliyoamuliwa, na kama uamuzi huo umekwisha kutenguliwa au kufafanuliwa. Angalia pia toleo la sheria unalonukuu, kwa kuwa katika Toleo la 2023 vifungu vingi vilipata namba mpya. Na ukitumia programu ya akili bandia kutafuta kesi, usinukuu hata moja ambayo hujaifungua na kuisoma kwa macho yako. Programu hizo huweza kutunga kesi ambazo hazijawahi kuwapo, na atakayeulizwa ni wewe uliyesaini.

Imudu lugha zote mbili

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa inapohitajika kwa ajili ya haki. Kwa upande mwingine, hazina kubwa ya hukumu za zamani imo kwenye Kiingereza. Wakili wa kizazi chako atasoma uamuzi wa 1969 kwa Kiingereza, kisha ausimamie kwa Kiswahili mbele ya jaji na mbele ya mteja anayefuatilia kila neno. Zoea kusema hoja yako yote kwa Kiswahili safi, bila kuchanganya. Soma hukumu zilizoandikwa kwa Kiswahili uone majaji wanavyozipa hoja umbo. Mteja anayeelewa kinachosemwa kuhusu mali yake hukuamini zaidi, na hukurekebisha mapema unapokosea jambo la kweli.

Unaposimama mbele ya mahakama

Mwanzoni utapelekwa kwenye shauri linalotajwa tu, au kusimama kwa niaba ya wakili mwenzako. Usidharau siku hiyo. Jua shauri limefikia hatua gani, amri iliyopita ilisema nini, na unaomba nini leo. Hakimu akikuuliza swali dogo na ukajibu kwamba hulijui jalada, umemwaibisha mteja na ofisi nzima. Ukiomba ahirisho, toa sababu ya kweli na pendekeza tarehe ambayo kweli utakuwa tayari.

Kwenye usikilizwaji, yajue mambo matatu. La kwanza ni vielelezo. Shauri la Robinson Mwanjisi la mwaka 2003 limetufundisha mpangilio: hati iombewe kupokelewa kwanza, ipokelewe, ndipo isomwe. Jiandae mapema kujibu pingamizi dhidi ya kila hati yako, hasa kama unayo nakala tu na si hati halisi. Ikiwa unategemea ujumbe wa simu au barua pepe, pitia masharti ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, na umwambie mteja mapema asifute wala kubadilisha chochote kwenye simu yake.

La pili ni maswali ya dodoso. Usiulize ili uonekane mkali. Mahakama ya Rufani katika shauri la Nyerere Nyague dhidi ya Jamhuri ilieleza kwamba upande usiomdodosa shahidi juu ya jambo muhimu huchukuliwa kuwa umelikubali. Basi orodhesha mambo ambayo huyakubali, muulize shahidi juu ya kila moja kwa maswali mafupi, kisha keti. Ukishapata jibu ulilohitaji, usimwombe shahidi alieleze zaidi, maana maelezo hayo yanaweza kuliharibu.

La tatu ni mipaka ya maneno yako. Mawasilisho ya wakili si ushahidi. Jambo ambalo hakuna shahidi aliyelisema halitaingia kwenye shauri kwa kulirudia katika hoja za mwisho. Tayarisha mashahidi wako kwa kuwakumbusha utaratibu na kupitia nao maelezo yao, lakini usimfundishe mtu kusema jambo asilolijua.

Juu ya yote hayo, usiipotoshe mahakama hata mara moja. Kukiwa na uamuzi unaokupinga nawe unaujua, uutaje na ueleze kwa nini shauri lako ni tofauti. Majaji huzungumza, na mawakili huzungumza zaidi. Jina lililochafuka mwaka wa pili wa kazi huchukua miaka mingi kusafishwa.

Watu utakaofanya nao kazi

Karani wa mahakama anajua jalada liko wapi, jaji yuko kwenye kikao gani, na kwa nini hati yako imerudishwa. Msalimie kwa heshima. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake, hata kama wewe una joho naye hana. Usimpe pesa ya kuharakisha jambo. Heshima haimnunui mtu, na rushwa ni kosa la jinai litakaloumaliza uwakili wako.

Kwa bosi wako, uliza kabla ya kwenda mbali. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini uliza ukiwa umefanya sehemu yako: mweleze swali ni lipi, umesoma nini, na wewe unaona jibu ni lipi. Ukikosea tarehe au ukisahau hati, mwambie siku hiyohiyo, kwa kuwa siku ya kwanza kosa huwa bado lina dawa. Omba kukaa nyuma ya wakili mwandamizi anapododosa mashahidi, na siku usizo na shauri ingia mahakamani usikilize mashauri ya wengine. Milango ya mahakama za wazi iko wazi kwako pia.

Ninawaomba na wakubwa wa ofisi wasome aya hii. Kijana anayebeba mikoba na kupanga tarehe miaka mitatu bila kumwongoza shahidi hata mmoja hajafundishwa kazi. Mpeni shauri dogo alimiliki, mkae naye pembeni, na mmlipe malipo yanayomwezesha kuishi bila kushawishika.

Mteja ndiye mwenye shauri

Kabla ya kupokea kazi, hakikisha hakuna mgongano wa maslahi na mteja mwingine wa ofisi. Maelekezo ya mteja yaandikwe, makubaliano ya ada yaandikwe, na kila pesa inayopokelewa ipewe stakabadhi. Fedha za mteja zikae kwenye akaunti ya wateja. Usizikope hata kwa siku moja, hata kama mshahara umechelewa. Malalamiko ya fedha ni miongoni mwa yale yanayoweza kumfikisha wakili mbele ya Kamati ya Mawakili na kusababisha afutwe kwenye Daftari.

Usimwahidi mtu ushindi. Mweleze nguvu ya shauri lake, udhaifu wake, gharama na muda. Baada ya kila tarehe ya mahakama, mpigie simu au mwandikie mistari michache: kilichotokea, tarehe inayofuata, anachotakiwa kuleta. Wateja wengi huvumilia kushindwa, lakini hawavumilii kimya. Na usuluhishi usiuchukulie kama hatua ya kupita tu kabla ya vita. Ndugu wawili wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao wanaweza kupata, kwa mazungumzo ya siku moja, amani ambayo hukumu haitawapa kamwe.

Kuhusu kukaa na kuondoka

Kipato cha mwanzo kwa wengi ni kidogo, na utaona wenzako wa kitivo kimoja wakifungua ofisi zao mwaka wa pili. Usiwaige kwa pupa. Kufungua ofisi ni kubeba peke yako tarehe zote, hesabu zote na makosa yote. Kaa mahali unapojifunza hadi uwe umeendesha shauri zima kwa mkono wako, kuanzia notisi ya madai, ushahidi na hukumu hadi utekelezaji wa hukumu. Lakini ikiwa ofisi inakutaka udanganye mahakama au uguse fedha za wateja, ondoka hata kesho.

Leseni yako ihuishe kila mwaka kwa wakati. Mahakama ya Rufani iliwahi kukataa hati zilizoandaliwa na wakili asiye na leseni hai, na aliyeumia alikuwa mteja. Tunza pia afya yako. Pata usingizi, kula, na ukizidiwa na majalada sema mapema. Wakili aliyechoka kupita kiasi husahau tarehe, na nimekwisha kueleza tarehe zinavyoua haki.

Mjane mwenye kiwanja, mfanyabiashara mwenye mzigo na dereva aliyeachishwa kazi hawana namna ya kuikagua kazi yako. Hawajui kama umesoma jalada, kama umehesabu siku, wala kama kesi uliyoinukuu ipo. Wamekuamini. Basi kesho asubuhi, kabla ya simu na mitandao, chukua jalada moja lililo juu ya meza yako, lisome lote, na uandike tarehe zake.